Vishikio vitatu vya simu na mkoba wa Hajati

Vijana wa steji yetu wamenisumbua niwaandikie ni kishikio kipi cha simu kinachofaa garini, kwa sababu wao hununua kila mwezi na kila mwezi hulia. Mimi nimenunua vitatu ndani ya miaka miwili, vyote kwa pesa yangu. Hakuna muuzaji aliyenipa cha bure wala kunipunguzia ili nimsifu.

Mnijue kwanza. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Uganda, umri hamsini na tatu. Niliendesha trela kati ya Mombasa na Kampala miaka kumi na minne mpaka mgongo ukakataa. Nikanunua Toyota Noah iliyokwisha kuona dunia, nikaingia kazi ya speshali, yaani gari la kukodi. Wateja wangu wengi ni akina mama wa biashara wanaokwenda mpakani, Malaba na Busia, kupokea mizigo, kwa hiyo njia yangu ni ile ile ya zamani, ila sasa nyuma yangu wamekaa watu.

Enzi za trela simu haikuwa shida yangu. Ilikuwa ya taniboi, utingo wangu. Ikilia anapokea yeye, ananigeukia: "Bosi anauliza tuko wapi." Namjibu macho yakiwa mbele, naye anampelekea bosi jibu. Tukiwa kwenye mteremko mkali, yule kijana alinyamaza hata kama bosi anafoka mpaka sauti inatoka nje ya simu. Alikuwa anaiona barabara kama ninavyoiona mimi, akajua huu si wakati. Nilidhani nimemwajiri kugonga matairi na kupika ugali tukilala Salgaa, kule Kenya.

Haya, tuje kwenye bidhaa.

Kishikio cha kwanza ni cha sumaku, kile kinachochomekwa kwenye matundu ya upepo. Nilikinunua Kampala, kwenye taa za Jinja Road, kwa kijana aliyebeba duka zima mikononi: chaja, nyaya, manukato ya gari, vifuniko vya usukani. Alitaka elfu ishirini za Uganda. Nilivuta maneno mpaka taa zikakaribia kugeuka, nikampa kumi na mbili akapokea huku akikimbia. Mkitaka kununua pale, hiyo ndiyo siri, bei huanguka taa zikikaribia kijani.

Unabandika kibati chembamba ndani ya kava, unaisogeza simu, inarukia yenyewe na kunasa. Kwa jamu ya mjini, gari likitembea hatua tatu na kusimama, kifaa hiki ni kizuri sana. Ila aliyekitengeneza hajawahi kuona matuta yetu. Siyo yale makubwa tu. Nasema yale madogo madogo yaliyopangwa manne, matano kabla ya kila senta, vijimji vya njiani, yanayokugonganisha meno. Simu yangu ni kubwa na kava ni la ngozi. Tuta la kwanza inacheza, la pili inateleza, la tatu iko chini.

Siku yenyewe nilikuwa peke yangu, natoka Kampala kumfuata mteja Lugazi, asubuhi ya saa tatu. Nimefika Namawojjolo. Aliyepita barabara ile anapajua: gari likipunguza mwendo tu, vijana wanatoka pembeni mbio na kuku wa kuchoma, mishikaki, gonja (ndizi za kuchoma) na maji baridi, wanazijaza dirisha zote. Simu ikaanguka karibu na pedali. Kisha ikalia. Ingeanguka ikanyamaza labda ningeiacha, lakini simu inayolia miguuni ni kama mtoto anayelia, mkono unakwenda wenyewe. Nikainama.

Niliinama kwa muda wa kusema Bismillahi moja na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linameza karibu mita 14 kila sekunde. Nilipoinua kichwa gari limeegemea kushoto, na kijana mmoja amesimama ukingoni ameinua vijiti vyake vya kuku juu kama mshika bendera. Kioo cha pembeni kikapita navyo vyote.

Yeye hakuguswa. Nataka niliseme hilo mapema kwa sababu mikono inanitetemeka hata ninapoandika. Kioo kilivunjika, kuku sita wakawa barabarani, na yule kijana akabaki ameshika mkono wake anaukagua kidole kwa kidole kama anayehesabu. Nilisimama mbele, nikarudi kwa miguu. Wenzake walikuwa wamekwisha kunizunguka. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mzee, ulikuwa unatafuta nini huko chini?"

Nikamwambia, simu.

Wakacheka wote, kicheko kile ambacho mtu akicheka wewe unatamani angekupiga. Nililipa kuku sita kwa elfu kumi kumi, na kioo, kwenye soko la vipuri la Kisekka, kilinila elfu sabini. Jumlisheni wenyewe: kishikio cha elfu kumi na mbili kilinigharimu laki moja na arobaini na mbili. Na aliyekuwa anapiga ni shemeji yangu. Alitaka kujua niko wapi.

Kishikio cha sumaku nakipa nyota moja na nusu. Hiyo nusu ni ya jamu ya mjini.

Cha pili nilikwenda kukitafuta kwa heshima, dukani, karibu na soko la Kisekka. Hiki kina mpira wa kunyonya unaoshika kioo cha mbele, mkono unaokunjika, na meno mawili yanayobana simu kwa pembeni. Elfu thelathini, na mwenye duka hakushuka hata shilingi. Kwa ushikaji hakina mpinzani. Nimepita nacho matuta yote mpaka Bugiri simu haijatikisika. Kasoro yake ni jua. Ukiliacha gari Malaba mchana kutwa, mpira unalegea, na ukirudi unakuta kishikio na simu vimelala kwenye zulia. Ufute mpira kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla hujaubandika, na ukiegesha juani ukibandue kabisa.

Sasa wapi pa kukibandika, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Mimi nilikiweka katikati ya kioo, usawa wa macho, kama nilivyoona kwa kila mtu. Jioni moja kwenye mzunguko wa barabara nikaona boda ametokea kama jini, hapakuwa na kitu, pakawa na mtu. Hakutoka popote. Alikuwa nyuma ya simu. Nilikwenda nyumbani nikapima kwa rula ya mjukuu: simu yangu ina upana wa sentimita 8, na kutoka jicho langu mpaka kwenye kioo ni kama sentimita 70. Ukipiga hesabu hiyo, kitu kilicho mita 20 mbele kinafichwa upana wa zaidi ya mita mbili. Hapo boda anaingia na abiria wake watatu na gunia la mkaa, na nafasi inabaki. Tangu siku hiyo nikakishusha mpaka chini kabisa, kushoto kwa usukani, ukingo wa juu wa simu usivuke dashibodi. Vijana wangu, kama hamtakumbuka lolote katika maandishi haya, shusheni vishikio vyenu.

Lakini kuna jambo lililonichukua miezi kuligundua kuhusu kishikio hiki kizuri. Kabla sijakinunua simu ilikaa mfukoni, ikinisumbua inapolia tu. Baada ya kukinunua ikanisumbua hata ikinyamaza. Iko pale, inang'aa, na kundi letu la ukoo lina watu arobaini na tatu wasiolala. Siku ya Idi picha ziliingia moja baada ya moja kama mvua ya mawe, nami niko barabarani, natupa jicho, narudisha, natupa tena. Ukitupa jicho sekunde tano kwa mwendo wa 80, gari limekwenda mita 111 likiendeshwa na Mungu peke yake. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira, na golikipa umemgonga. Na picha yenyewe ilikuwa ya sahani ya pilau.

Kuna na hii programu moja ya kuitia magari niliyojiunga nayo, jina lake siliandiki. Abiria akiomba gari, duara linatokea kwenye simu na linaanza kuliwa na wakati. Usipogusa kabla halijaisha, safari anapewa mwingine na alama zako zinashuka. Sasa mtu niko katikati ya makutano na abiria mwingine ndani, duara linaliwa. Waliolibuni wamekaa ofisini kwenye kiti kisichotembea. Nilijitoa baada ya miezi mitano. Pesa nilikosa, kweli, wala sitajifanya sikuumia.

Siku moja hapo Mukono nilisimamishwa na dada wa trafiki, nguo nyeupe pee, kofia imenyooka. Sheria ya Uganda inakataza kuendesha huku umeshika simu mkononi, na mimi nilijiamini, simu yangu iko kwenye kishikio cha elfu thelathini. Akainama dirishani akakitazama kwa makini. "Ssebo," yaani bwana, "simu umeiweka vizuri. Sasa mbona nilikuona unaizungumzisha kwa kidole?" Nilikuwa najibu ujumbe. Neno moja tu, "sawa". Aliniachia kwa onyo, sijui ni kwa mvi zangu.

Nikikumbuka Juni 2025, wakati kamera zilipoanza kutuma faini zenyewe kwa wenye magari, kabla mpango haujasitishwa mwezi huo huo kwa kelele za watu, steji yetu yote iligeuka watoto wa madrasa. Kasi ilishuka, taa nyekundu ikaheshimiwa. Simu je? Zilihama kutoka sikioni kwenda pajani. Walikuwa wamekubaliana kwamba kamera haioni paja. Dereva anayeandika ujumbe pajani anakuwa ameinamisha kichwa kabisa, heri hata yule wa sikioni.

Kishikio cha pili nyota tatu na nusu. Kingekuwa na nne kama kingekuja na pazia.

Sasa cha tatu, ambacho si kishikio hasa, ila vijana wanakiweka kundi hilo: hedifoni ya bluetooth ya sikio moja. Nilinunua elfu arobaini na tano. Chaji inakaa siku nzima, sauti safi, hata upepo wa dirishani haumsumbui unayezungumza naye. Nilipokivaa nilijiona nimefika mwisho wa elimu. Mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele, sheria imeridhika, nani ataniambia nini? Niliwadharau hata vijana wa boda wanaochomeka simu kati ya shavu na helmeti, mtu anapita katikati ya malori anacheka na mpenzi wake, helmeti imekaa upande kama chungu kilichoinama. Mimi nilikuwa mstaarabu.

Hapa ndipo anaingia Hajati. Ni mama wa Mombasa aliyeolewa Kibuli zamani, anauza leso na madira, na kila mwezi namchukua kwenda Malaba kupokea marobota yake. Hakai kiti cha mbele, anakaa nyuma yangu kushoto, tasbihi mkononi, mkoba mkubwa mweusi magotini. Hazungumzi sana akiwa safarini. Tulipita Lugazi, simu ikaingia sikioni, binti yangu wa chuo. Karo. Alikuwa amepewa tarehe ya mwisho na hakuniambia mpaka siku hiyo, na zile pesa nilizomtumia mwezi uliotangulia hazikuwa zimefika zilikotakiwa kufika. Nilizungumza kwa upole, kisha bila upole, kisha kwa upole tena kwa sababu alilia. Kasi yangu ilikuwa 80, kamili, sijavuka. Sikumpita mtu vibaya. Mikono miwili kwenye usukani.

Nilipokata simu Hajati akaniuliza kwa sauti yake ile ya chini, "Mwanangu, yule wa boda ulimwona?"

"Boda yupi, Hajati?"

"Aliyeanguka."

Nikamtazama kwenye kioo. Akanieleza taratibu: pale msituni kijana wa boda aliyebeba kreti za soda aliyumba mbele yetu, kreti ikamwaga chupa barabarani, naye akaenda nayo pembeni kwenye nyasi. Akainuka mwenyewe. Mimi nilizikwepa zile chupa. Hajati aliniona nikizikwepa kwa macho yake, nilikata usukani kidogo kulia nikarudi. Sikuwa na habari hiyo kabisa. Nikatazama nje ili nijue tuko wapi, nikaona miwa na nyumba. Msitu wa Mabira ulikuwa nyuma yetu. Najjembe nimeipita, na Najjembe ina soko lenye makelele na moshi wa nyama ambao mtu hapiti bila kuugeukia hata akiwa amefunga. Nilitafuta kichwani picha moja ya msitu ule, mti mmoja, nyani mmoja kando ya njia. Hapakuwa na kitu. Nilichokuwa nacho ni uso wa binti yangu akilia, ambao nao sikuuona, niliutengeneza mwenyewe.

Kupita Mabira lote bila kuliona! Nimelipita mara elfu na usiku, mvua ikinyesha, trela limebeba tani ishirini na nane, na kila mara nililiona.

Niliegesha Njeru nikanunua maji. Hajati hakusema neno jingine. Tasbihi tu.

Tangu siku hiyo nimesoma kidogo, maana nilitaka kujua kama ni uzee au ni simu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne kuliko asiyetumia, na kwamba kutumia hedifoni hakuleti usalama mkubwa kuliko kushika simu mkononi. Hilo la pili lilinikalisha chini. Kule Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, David Strayer na wenzake walifuatilia macho ya madereva kwenye mashine ya kuigiza barabara. Wanaozungumza kwa simu jicho linatua juu ya kitu, tena linatua sawasawa, lakini ukiwauliza baadaye wanakumbuka kidogo sana walichokitazama. Macho yalikuwa kazini, mwenye macho hakuwapo. Walipomweka rafiki wa dereva kiti cha pembeni wazungumze, mambo yakawa nafuu, kwa sababu rafiki anaiona barabara, anakatiza hadithi kwenye kona, hata anasema "angalia huyo". Nilipofika hapo nilimkumbuka taniboi wangu. Sijui yuko wapi siku hizi.

Nyingine ni ya mwaka 2015, ya AAA Foundation, taasisi ya usalama barabarani, Marekani pia. Walipima watu wanaoamrisha simu au gari kwa sauti, "mpigie fulani", "badilisha wimbo". Kwa mifumo iliyokuwa mibaya zaidi, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 kurudi sawasawa barabarani baada ya amri kwisha. Sekunde 27 mtu anaweza kuziona si kitu, kwa hiyo niliwapimia vijana wa steji kwa daraja letu. Daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525. Kwa mwendo wa 80 unalimaliza kwa sekunde kama 24. Maana yake ukate simu gurudumu la mbele linapogusa daraja, uvuke Mto Nile wote, ushuke upande wa pili, na bado hujarudi ndani ya gari lako.

Kijana mmoja akanijibu, "Lakini Mzee, wewe hukupata ajali. Chupa ulizikwepa." Ni kweli, na ndiyo inayonitia hofu. Mwili wa mtu aliyeendesha miaka mingi unajiendesha wenyewe kwa mambo ya kawaida, na unamdanganya mwenyewe kwamba yupo. Chupa umezoea kuzikwepa. Mtoto anayefuata mpira hujamzoea. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu zaidi ya 5,000 waliokufa katika barabara za Uganda, na sababu zinazotajwa juu kabisa ni kupita gari jingine vibaya, uzembe na mwendo kasi. Simu huwezi kuiona kwa urahisi kwenye karatasi hizo. Nani atatoka kwenye gari lililopinduka akasema nilikuwa naongea na binti yangu? Mimi mwenyewe yule kijana wa Namawojjolo asingeniuliza, ningesema ni tuta.

Hedifoni kwa muziki na kwa kuongea ukiwa umeegesha, nyota nne, sauti yake nzuri hasa. Kwa kuendeshea, siipi hata moja. Sasa anaivaa mke wangu akipika.

Basi mnataka kujua natumia nini leo. Kishikio cha pili ninacho bado, kimeshushwa chini, na kazi yake ni ramani tu mteja akiwa anakwenda nisikokujua. Naandika mahali kabla sijawasha gari, kisha naisikiliza sauti, sigusi. Barabara ya Malaba naijua, kwa hiyo kishikio kinabaki kitupu.

Na simu yenyewe nimeiwekea ule mpangilio wa kutosumbuliwa unapoendesha. Simu nyingi za sasa zinao, tafuteni kwenye mipangilio au mpeni kijana wa nyumbani awatafutie, dakika tatu, bei yake sifuri. Ikihisi gari linatembea inanyamaza, na anayetuma ujumbe anajibiwa yenyewe. Wangu umeandikwa: "Niko njiani naendesha. Nikisimama nitakupigia." Wiki ya kwanza mke wangu alinuna, akasema nimeweka katibu. Shemeji alisema nimekuwa waziri. Unaweza kuruhusu namba chache zipite kwa dharura, nami nimeruhusu moja, ya nyumbani, na nimewaambia dharura ni mtu kuugua au moto. Gesi kwisha si dharura. Kasoro ya mpangilio huu ni kwamba kuuzima ni kidole kimoja, na mimi najijua. Mara ya kwanza niliuzima kabla sijafika Mbalala, bado karibu na Kampala.

Hajati ndiye aliyemaliza mambo. Safari iliyofuata alifungua mlango, akakaa mahali pake, kabla sijawasha gari akanyoosha mkono katikati ya viti.

"Ilete."

"Hajati, nimeshaizima sauti."

"Mwanangu, ilete."

Nikampa. Akaitia kwenye ule mkoba mweusi, kati ya kitabu cha madeni na kanga iliyokunjwa, akafunga zipu, akaupakata. Sasa ni desturi, na wateja wengine nimewaomba hivyo hivyo. Wengi wanafurahi, mmoja alidhani nataka kumwibia kwa ujanja mpya. Kwa ushikaji mkoba wa Hajati unashinda vyote: matuta hauyajui, jua haliulegezi, kioo hauzibi. Nyota tano, na hauuzwi taa za Jinja Road wala Kisekka.

Safari ya mwezi uliopita tulikwenda hivyo. Namawojjolo nilipunguza, yule kijana akanitambua, siku hizi ananiita Mzee wa Kioo na kuku ananiuzia elfu mbili zaidi ya wengine, nami nalipa. Mabira niliwaona nyani watatu na lori lililokwama. Malaba tulifika saa nane mchana. Hajati akafungua zipu, akanirudishia simu yangu. Kumi na moja walikuwa wamepiga. Nikaegemea gari nikawarudia mmoja mmoja, nikinywa soda. Mmoja alitaka kujua bei ya kwenda Mbale. Mmoja alikosea namba. Tisa waliobaki walitaka kujua niko wapi.